Maji ya Chini ya Mlango

Hutaliamini hili, nakwambia mapema kabisa usije ukasema nimekudanganya. Watu watatu walinyongwa Masasi mchana kweupe, watu wazima wenye akili zao, kwa sababu ya mchoro. Mchoro wenyewe upana wake vidole vinne. Ulikuwa chini kabisa ya mlango, pale mbuzi wanapojikuna. Na aliyewaponza hakuwa adui yao hata kidogo. Alikuwa fundi aliyewachongea, rafiki yao, na alichofanya ni kujibu swali kwa neno moja. Moja tu! Tulia nikupe yote.

Mwaka 1905, Mdachi, yaani Mjerumani, ndiye mwenye nchi. Masasi ilikuwa na mtaa mmoja wa kujivunia, unaanzia sokoni, unapita chini ya mlima Mkomaindo, unaishia kwa Akida Mrisho, aliyekuwa mkono wa Mdachi pale. Nyumba zenyewe za udongo, nyasi juu, hakuna cha ajabu. Ila milango sasa! Milango mitano ya mninga, nakshi tupu kuanzia juu mpaka chini, ungedhani umetokea Lindi mjini. Siku hizi mtu angesimama pale apige picha mpaka simu ijae. Enzi hizo walipita tu. Mtu akitaka kuusifia mlango anaugonga, ko ko ko, anasema, "Mninga huu, mchwa hawauwezi," halafu huyo, kaenda zake.

Aliyeichonga yote mitano ni Halfani, Mmakonde wa juu, Newala huko, ambako maji ni safari. Mama yake alikuwa anashuka bondeni na mtungi jogoo hajawika, anarudi jua liko utosini, na akijikwaa njiani basi siku hiyo nyumba nzima inalala na kiu. Halfani alipokuwa kijana aliteremka Lindi, akakaa miaka sita kwa fundi mmoja wa milango, akarudi bara na patasi zake na jina jipya la Kiislamu.

Sasa yule fundi wa Lindi alikuwa na msimamo wake. Mlango una kichwa, una mabega, una miguu, na miguu lazima ikae majini. Kwa hiyo chini ya miimo, ile miti miwili ya kando ya mlango, kule karibu na ardhi, mafundi wa pwani walichonga samaki na mawimbi. Sehemu hiyo wenyewe waliiita maji. Utawasikia wakiulizana kazini, "Umeshapiga maji?" "Bado, nimalize maua kwanza." Neno la kazi tu, kama wewe unavyosema mguu wa meza.

Shida ni kwamba Halfani samaki walimshinda. Alichonga samaki wakafanana na mihogo. Basi alipoanza kazi Masasi akaachana nao, akamtazama mkewe. Somoe alikuwa na nembo shavuni, zile chale za Wamakonde, pembe ndani ya pembe ndani ya pembe, tatu kila upande, safi kama zimepimwa kwa uzi. Halfani akazitoa pale shavuni akaziweka chini ya mlango. Zikakaa kama mawimbi kweli.

Somoe alipoziona akaweka mikono kiunoni.

"Yaani uso wangu umeuweka chini mbuzi wajikunie?"

"Ndiyo maji hayo, mke wangu."

"Si ungeniweka juu, nikawaona wanaoingia?"

"Juu kuna maua."

"Maua! Maua yamekupikia lini?"

Walicheka siku ile mpaka jirani akauliza kuna nini.

Sasa katika mji mzima, miaka yote hiyo, ni mtu mmoja tu aliyewahi kuinama akaangalia. Zena, mke wa Akida, watu walimwita Mama Pili kwa jina la binti yake. Siku Halfani alipomaliza kutia mlango wa Akida, huu wa tano, huyu mama alitoka, akauzunguka kwa macho, halafu akachuchumaa. Akapitisha kidole kwenye zile pembe polepole.

"Shikamoo, fundi. Hii nini?"

"Marahaba, Mama Pili. Maji hayo."

"Maji?" Akacheka, akavua viatu vyake. "Basi mimi nitakuwa navivua hapa, nisije nikayachafua."

Na kweli! Kila asubuhi akawa anapafuta pale chini kwa kitambaa kibichi. Milango mingine minne miguu yake ilikuwa imejaa vumbi na manyoya ya mbuzi, wa Zena unang'aa. Halfani siku ile alirudi nyumbani anatembea kama kalewa. Alimsimulia Somoe mara tatu, ya nne Somoe akamwambia alale.

Mume wa Zena sasa, Akida Mrisho mwenyewe? Aliingia na kutoka kwenye ule mlango miaka mitatu, kichwa juu, kofia juu ya kichwa. Hajawahi kuangalia chini hata kwa kujikwaa.

Mwezi wa nane vita ikafika. Ilitoka magharibi, watu mamia kwa mamia, mabua ya mtama kichwani, wamepewa dawa ya maji na wameaminishwa kwamba risasi za Mdachi zikiwagusa zitageuka maji. Walikuja wakipiga kelele neno hilo moja, "Maji! Maji!" mpaka mlima ukawa unawarudishia. Akida kusikia tu, akatoka kwa dirisha la nyuma, mbio mpaka Newala. Akamwacha mke. Akamwacha mtoto. Akaacha na bunduki tatu za Mdachi zimeegemea ukutani kama mafagio.

Somoe ndiye aliyekwenda kumchukua Zena na Pili. Akawavuta mkono mpaka kwenye banda la Halfani, akawalaza chini, akawafukia kwa mbao na takataka za randa. "Mtoto akitaka kupiga chafya mzibe pua," akamwambia Zena. "Hata akilia baadaye, atalia akiwa hai."

Halfani alijibanza nyuma ya magogo, jicho kwenye upenyo. Mbele yake, ng'ambo ya njia, ilikuwa nyumba ya mwalimu Dastani wa misheni, mlango wa tatu kati ya ile mitano. Dastani alikataa kukimbia. Alisimama kizingitini na kitabu chake, anawaambia kitu, huwezi kusikia ni nini kwa zile kelele. Mkuki wa kwanza ulimwingia tumboni. Akashika mwimo kwa mikono miwili, hakuanguka. Wa pili ukapita shingoni. Hapo akateleza chini taratibu, mgongo ukisugua maua, kisha nakshi ya mnyororo, mpaka akakaa. Damu ikafuata njia ileile. Ikashuka na nakshi, ikafika kwenye pembe, ikaanza kujaza mifereji mmoja mmoja, wa juu, wa kati, wa chini.

Na Halfani, Mungu amsamehe, wazo la kwanza lililompitia kichwani lilikuwa kwamba mistari imekaa sawasawa.

Walichukua zile bunduki tatu, wakachoma misheni, wakaua wengine kumi na kitu, wakapita.

Baada ya wiki kadhaa Mdachi akaja kujibu. Askari weusi wenye kofia nyekundu, na bombom, ile bunduki ya kumimina risasi, imebebwa na wapagazi. Wenye mabua walijipanga uwanda wa nyuma ya soko, wakaikimbilia bombom kifua mbele wakiita maji. Asikwambie mtu. Walikatika safu kwa safu kama mtama siku ya mavuno, na waliokuwa nyuma wakawa wanaruka waliokuwa mbele, na wao wakakatika. Mmoja alionekana amekaa chini anajipapasa tundu la kifuani kwa kidole, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Kisha maghala yakachomwa, mashamba yakachomwa, mji ukanuka nyama na mtama ulioungua.

Ofisa aliyewaongoza, jina lake hakuna aliyeweza kulitamka. Walimwita Bwana Miwani. Kijana bado, mwembamba, sauti ndogo. Alifikia kwa Akida, akaweka kiti chake cha kukunja barazani, mgongo kwenye mlango, na pale alipokaa aliuona mtaa wote moja kwa moja mpaka sokoni. Akida Mrisho alikuwa amerudi nao, kofia imekunjamana, mdomo umekauka.

"Bunduki tatu," Bwana Miwani akamwambia, kwa kile Kiswahili cha kambini. "Wewe nani alichukua hapana jua. Basi mimi nanyonga wewe. Ama wewe leta watu yao."

Kwa hiyo Akida alikuwa anatafuta vichwa. Chake au vya wenzake. Hilo lishike.

Lakini Bwana Miwani alikuwa na kitu kingine, ambacho hakuna aliyekitegemea. Alikuwa na daftari, na alipenda kuchora. Asubuhi moja akashuka mtaani na kalamu ya risasi, akasimama mlangoni kwa Sadallah mwuza nguo, akauangalia ule mlango. Akauangalia, akauangalia! Akachora kichwa cha mlango, akachora maua. Akapiga goti moja vumbini na suruali yake nyeupe, akachora mpaka chini.

Halfani alikuwa bandani kwake ng'ambo, anaona. Hebu fikiria. Miaka sita hapa Masasi umechongea mji mzima, watu wanagonga ko ko ko, halafu mtu anapiga goti. Miguu ilimtoa yenyewe nje.

"Wewe fundi?"

"Mimi, bwana."

"Kazi zuri. Zuri sana. Hii ua, ndiyo?"

"Ua, bwana. Na hiyo mnyororo."

Kalamu ikashuka. "Na hii chini?"

"Maji, bwana!"

Kalamu ikasimama.

"Sema tena."

"Maji, bwana. Mimi kila mlango naupa maji yake." Na akacheka. Alicheka, ndugu yangu, kwa furaha.

Askari wawili wakatia risasi chemba kwa pamoja. Hapo ndipo Halfani alipolisikia neno lake mwenyewe, kama limesemwa na mtu mwingine. Angesema mawimbi, angepona. Angesema nembo, angepona. Angesema kwa Kimakonde cha mama yake, medi, jamaa angeandika kwenye daftari akaenda zake kunywa chai.

"Bwana, maana yake ni..." akaanza.

Akida Mrisho alikuwa ameshafika. Alikuwa anahema. "Hiyo ndiyo alama yao, bwana! Mimi nimewatafuta kumbe wako hapa mtaani. Mwenye mlango huo amekunywa maji. Wameandikiana milangoni wajuane!"

Walimlaza Halfani mbele ya baraza ya Akida, wakampiga hamsa wa ishirini, viboko ishirini na vitano. Kiboko cha tano kilichana shati, cha tisa kikachana ngozi, na kuanzia hapo aliyehesabu ni askari mwenye kiboko peke yake. "Milango mingapi?" wanamwuliza. Hakujibu. Haikusaidia, maana sasa mtaa mzima ulikuwa umefunguliwa macho. Askari walipita nyumba kwa nyumba wakiinama, wanapangusa vumbi kwa kiganja. Miaka sita hakuna aliyeinama ila mmoja, leo wanainama na bunduki.

Kwa Sadallah, upo. Kwa Mussa mwuza chumvi, upo. Kwa mzee Fikirini, upo. Kwa marehemu Dastani, upo, na damu yake imekauka humo ndani.

Sadallah alikuwa mjanja wa maneno, aliona hapo tundu la kutokea. "Bwana! Dastani aliuawa na haohao wenye mabua! Ingekuwa alama yao wangemwua vipi mwenzao?"

Bwana Miwani akakunja uso, Kiswahili kilikuwa kimekwenda mbio. "Anasema nini?"

"Anasema Dastani alikuwa mwenzao," Akida akatafsiri polepole, "halafu akawageuka, wakamwua."

"Muongo mkubwa we!" Sadallah akapiga kelele. "Mrisho! Wewe si uliruka dirisha? Mwambie bwana uliruka dirisha!"

Wakampiga kitako cha bunduki mdomoni, maneno yakaishia hapo na meno.

Soko lilikuwa na banda, na banda lilikuwa na boriti moja ndefu aliyoichonga Halfani. Walitundika kamba tatu. Mussa alilia, akawaomba wamwite mama yake, mtu wa miaka hamsini. Mzee Fikirini alipigania kamba kwa kucha mpaka kucha zikatoka. Sadallah hakusema kitu, hakuwa na mdomo wa kusemea. Waliondolewa magogo ya kusimamia kwa mkupuo mmoja, boriti ikalia, na Halfani pale chini alipolala akaisikia, akaijua sauti ya ubao wake. Halafu zile nyumba nne zikawashwa. Mninga unawaka vibaya, unawaka kama haujataka.

Sasa zingatia hapa. Halfani amelala kifudifudi mbele ya baraza, shavu kwenye vumbi. Wengine wote wamesimama. Ni yeye peke yake mwenye macho usawa wa miguu ya mlango. Akaangalia nyuma ya viatu vya Bwana Miwani, chini ya mlango wa Akida, mlango wa tano. Hakuona pembe. Aliona udongo mwekundu umepakwa, mbichi, una alama za vidole.

Akainua macho. Zena amesimama ndani, nusu gizani, Pili kamng'ang'ania nguo. Mikono yake Zena ilikuwa myekundu mpaka vifundoni.

Wakaangaliana. Kumbe alikuwa amesikia tangu mwanzo. Ukiwatoa Halfani na mkewe, yeye ndiye mtu pekee Masasi aliyejua yale maji ni nini, na badala ya kusema alichota udongo akapaka kabla hawajafika. Halfani hakumlaumu. Alijiambia, sawa Mama Pili, mfiche mwanao. Nife mimi yaishe.

Na angekufa kimya hivyohivyo. Tatizo, Somoe akatokea.

Alikuwa amesikia mumewe kachapwa, akabeba mtungi kichwani, akaja nao mbio, maji yanamruka mabegani. Askari mmoja akaangua kicheko. "Hee! Huyu naye kaleta maji yake!" Wengine wakacheka. Wakamshika mikono, mtungi wakauweka chini pembeni ya Halfani.

Bwana Miwani hakucheka. Aliinuka kitini, akamsogelea Somoe, akamshika kidevu akamgeuzia kwenye mwanga. Akafungua daftari. Akaangalia shavu, akaangalia mchoro, akaangalia shavu. Akahesabu kwa kalamu bila kumgusa: moja, mbili, tatu.

"Maji," akasema taratibu, kama mtu aliyeona kitu kizuri.

"Huyo ndiye mwenyewe, bwana!" Akida akadakia. "Mwanamke ndiye mwenye dawa!"

"Dawa gani, baba?" Somoe akasema. "Hizi nimechanjwa Newala sijaota hata maziwa!" Akageukia mlangoni. "Mama Pili! Si uko hapo? Sema basi! Wewe unajua yale ni nini, alikwambia mwenyewe. Mama Pili, nilikufukia mimi kwa mikono hii!"

Nyumba ya Sadallah ilikuwa inadondoka huko nyuma, puu.

Zena akafungua mdomo. Akamtazama mumewe, akamtazama mtoto.

"Mimi mambo ya milango siyajui," akasema.

Somoe hakumtukana. Askari akapitisha kamba kichwani kwake, ikamkwama kwenye sikio, akaivuta.

"Bwana," Halfani akasema kutoka chini. "Naomba maji ninywe."

Walicheka tena, kicheko kikubwa safari hii. Bwana Miwani akapunga mkono, mpeni. Halfani akajikusanya akapiga magoti, akaukumbatia mtungi. Mgongo ulikuwa unamwagika damu. Alikuwa hatua mbili tu kutoka mlangoni.

Mkono huu, Somoe, kamba shingoni. Mkono huu, Zena. Akiumwaga mtungi, mnyororo mzima anaujua: mlango wa alama, mwenye nyumba ananyongwa, nyumba inawashwa, na huyu mtoto mwenye vidole mdomoni anabaki na nini? Na huenda wakamnyonga mama yake naye. Na asipoumwaga, Somoe anatundikwa kwenye boriti yake. Mtu aliyeipa kazi yake uso, na mtu aliyeinama kuiona. Wawili tu hao alikuwa nao duniani.

Pili akasema, sauti nyembamba, "Mama, fundi anatoka damu."

Halfani akamwaga.

Aliumwaga wote kwa mpigo, shwaa, chini ya mlango. Udongo ukateleza, ukatiririka mwekundu mpaka kwenye viatu vya Bwana Miwani. Na pembe zikatokea. Mama yangu, zilivyotokea! Miaka mitatu zimefutwa kila asubuhi, zinang'aa, mstari kwa mstari, hakuna mlango Masasi uliokuwa na maji safi namna ile.

Akida Mrisho akaangalia chini. Mara ya kwanza katika maisha yake aliangalia chini ya mlango wake.

"Bwana!" akapiga yowe. "Hiyo nakshi tu! Nakshi ya mlango, mafundi ndivyo wanavyochonga, kila mtu anajua!"

"Kila mtu anajua," Bwana Miwani akarudia.

Akageuza shingo akatazama sokoni. Mussa alikuwa bado anazunguka kwenye kamba, polepole, upande huu, upande ule. Bwana Miwani akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa. Alifanya hivyo kwa muda mrefu mno. Unajua alikuwa anapiga hesabu gani? Ikiwa ni nakshi tu, ameua watu watatu bure mbele ya mji mzima. Kumnyonga wa nne kulikuwa rahisi kuliko hilo.

"Huyu," akasema, akimwonyesha Akida.

Kuhusu Somoe alipunga tu mkono, kama anafukuza nzi, na kamba ikavuliwa. Akida walimburuta mtaa mzima, visigino vinachora mistari miwili vumbini. Alikuwa anaita jina la Zena. Zena alipiga kelele moja, halafu akaziba macho ya mtoto kwa ile mikono ya udongo, na boriti ikalia kwa mara ya pili.

Nyumba hawakuichoma. Bwana Miwani alikuwa ameshachora kurasa saba, na mlango uliobaki ulikuwa mmoja. "Wewe toa," akamwambia Halfani. "Hapana vunja."

Basi akautoa. Mgongo umechanika, nzi wamemjaa, Somoe anamshikia patasi, akautoa kizingiti kwa kizingiti, mwimo kwa mwimo, kazi ya siku nzima. Wakaufunga kwa mikeka ya Zena mwenyewe, wapagazi wanane wakaubeba kwenda Lindi, na kutoka Lindi ukapakiwa melini kwenda Ulaya. Inasemekana huko watu wanausogelea, wanauinamia, wanausifia.

Jua likielekea kuzama Halfani akafungasha vyombo vyake. Zena alikuwa amekaa pale ulipokuwa mlango, sasa tundu tu la ukuta, miguu peku, mtoto mapajani. Hakulia. Viatu vyake vilikuwa mkononi.

"Fundi."

"Naam, Mama Pili."

"Sasa hivi nitavivulia wapi?"

Somoe akamshika Halfani mkono, akamvuta. Walipandisha Newala, na huko aliishi miaka mingi akichonga mipini ya majembe na vinu. Mlango hakuuchonga tena. Watu wakimwuliza kwa nini, alikuwa anasema maji yamekwisha.

Sasa usinijibu haraka. Mtungi huo hapo mkononi mwako. Huku mkeo na kamba shingoni, huku mtu pekee aliyewahi kuinama kuiangalia kazi yako, amekunyima neno moja la kukuokoa, na mtoto wake anakuonea huruma. Wewe ungeyamwaga?